Namba na Uhalisia katika Uwanda wa Kati wa Tanzania

Iwapo namba zinaweza kuuwakilisha ulimwengu kama ulivyo ni swali la kale. Galileo Galilei alishikilia mwaka 1623 kwamba maumbile husomeka kwa lugha ya hisabati, na mwaka 1960 mwanafizikia Eugene Wigner alistaajabia jinsi hesabu zilizobuniwa mezani zinavyoafikiana na fizikia. Katika uwanda wa kati, hasa Kongwa na Mpwapwa, swali hili lilipimwa kwa mvua, udongo na fedha nyingi. Ushahidi wake unaonyesha kwamba kila kujumlisha hubeba dai, nalo ni kwamba vitu vinavyojumlishwa vinalingana kwa jambo linaloulizwa. Ardhi ikilikubali dai hilo, namba husema kweli. Ikilikataa, usahihi wa hesabu haumwokoi mtu.

Mpango wa karanga wa Kongwa

Mwaka 1946 Frank Samuel wa kampuni ya United Africa aliipendekezea Serikali ya Uingereza kilimo kikubwa cha karanga ili kuziba upungufu wa mafuta ya kula baada ya vita. Ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa Mkurugenzi wa Kilimo Tanganyika, ulizunguka Afrika Mashariki na ya Kati kwa wiki chache tu, kisha ukapendekeza mashamba 107 ya ekari 30,000 kila moja, yaani ekari 3,210,000, kwa gharama ya karibu pauni milioni 24. Kuzidisha huko hakuna kosa, ila kulichukulia kwamba ekari moja ni sawa na nyingine, na kwamba mvua ya mwaka ni kiasi kimoja kinachoweza kugawanywa kwa wastani. Dodoma, katika uwanda huohuo, hupata milimita 550 hivi za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Lita 25 zikishuka kwa saa moja au zikigawanyika kwa siku kumi, jumla ni ileile, lakini mche wa karanga hauishi kwa jumla. Ua lake likishachavushwa huteremsha kikonyo ardhini, na punje hukulia humo. Udongo wa Kongwa, wenye mfinyanzi, hukauka na kuwa mgumu kama saruji, hivyo kikonyo hushindwa kupenya na karanga zilizokomaa hazing'oki. Wagogo, wenyeji wa eneo hilo, ambao hawakuwa na daftari la mvua, walipanda uwele na mtama na kutawanya mifugo kwa ndugu na marafiki. Mbinu hizo zilizingatia kuyumba kwa misimu, jambo ambalo wastani hulificha. Mradi wa karanga ulifutwa Januari 1951, na takriban pauni milioni 36 zikapotea.

Wapo wanaosema kilichoangusha mradi ni matrekta mabovu na haraka ya wanasiasa, si hesabu. Ni kweli kwamba mashine zilikuwa chakavu na vipuri adimu. Hata hivyo, majembe yaliliwa na mchanga mkali wa ardhi hiyohiyo ambayo mpango uliihesabu kwa ukubwa wake peke yake. Na haraka ilipata nguvu kwa sababu jedwali la mpango lilionekana limekamilika.

Vipande vya Mpwapwa

Pingamizi zito zaidi hudai kwamba, ikiwa kila kipimo huacha kitu nje, basi hisabati ni mazoea ya binadamu tu. Majaribio ya mtafiti R. R. Staples huko Mpwapwa katika miaka ya 1930, si mbali na Kongwa, yanalikanusha dai hilo. Vipande vya ardhi vilizungushiwa kingo, na maji na udongo uliotiririka vikakusanywa chini ya mteremko na kupimwa. Ardhi tupu ilipoteza karibu nusu ya mvua yake na tani 146 za udongo kwa hekta kwa mwaka. Shamba la uwele au mtama lilipoteza takriban asilimia 26 ya mvua na tani 78 za udongo. Penye nyasi ilitiririka asilimia 2 hivi ya mvua, na kwenye kichaka kisicholishwa haikufika asilimia moja. Hapa kujumlisha ni halali, kwa kuwa swali lenyewe ni la jumla: maji kiasi gani yamekwenda, udongo kiasi gani umeondoka. Mazoea matupu yasingeweza kutenganisha kichaka na ardhi tupu kwa tofauti kubwa namna hiyo.

Mabwawa

Udongo unaoondoka hufika mahali. Ule uliojaa katika bwawa la Ikowa, katika uwanda huohuo, lililojengwa mwaka 1957, ulipimwa miaka kumi na kidogo baadaye, na ukalingana na picha ya mmomonyoko iliyoonekana katika vipande vya Mpwapwa.

Hali ya sasa

Sehemu ya ardhi ya mradi ni ranchi ya taifa ya Kongwa. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutabiri mvua za msimu kwa Dodoma na Singida kwa viwango vya wastani, juu ya wastani au chini ya wastani, lakini hutaja pia wiki za kuanza na kuisha kwa mvua na uwezekano wa vipindi virefu vya ukavu. Kwa mkulima, hayo ya mwisho ndiyo yenye uzito.