Haragwe la Calabar na sindano ya anko

Anko wangu analima nyanya Mwea. Msimu fulani alipulizia dawa ya wadudu bila maski, na upepo ukamrudishia usoni. Kufika jioni jasho linamtiririka, mate yanamjaa mdomoni, kupumua ni shida. Hospitalini walimdunga atropini, wakarudia tena na tena hadi kifua kikakauka. Leo yuko mzima na bado anatubishia siasa.

Mimi nikabaki na swali: nani aligundua kwamba atropini inaweza kupigana na sumu kama ile? Nilidhani hadithi itaanzia Ulaya. Wapi! Inaanzia Calabar, Nigeria.

Waefik wa huko walikuwa na haragwe linaloitwa esere. Ukishukiwa uchawi, unalishwa. Ukitapika ukapona, huna hatia. Ukifa, kesi imeisha. Siwezi kuipamba desturi hiyo, iliua watu wasio na kosa lolote.

Daktari Mwingereza, William Daniell, alieleza habari za haragwe hilo mwaka 1846. Mwaka 1855 Robert Christison, profesa wa Edinburgh, akaamua kulionja mwenyewe. Mwili ulipoanza kulegea, alikunywa maji aliyotoka kunyolea ndevu ili atapike. Akapona. Ni ushujaa ama ni wazimu? Amua mwenyewe.

Aliyefika mbali zaidi ni mwanafunzi wake, Thomas Fraser. Mwanzoni mwa miaka ya 1870 alionyesha, kwa kuwajaribu wanyama, kwamba atropini inaweza kumwokoa mnyama aliyepewa sumu ya esere ya kutosha kumuua.

Sasa hiyo inahusiana vipi na nyanya za Mwea? Hivi: mishipa yetu ya fahamu hutumia kemikali kupitisha amri, halafu kimeng'enya fulani huifagia ili amri ikome. Esere humfunga huyo mfagiaji. Kemikali inarundikana, mate na jasho havikatiki, mapafu yanajaa maji. Atropini haimfungui mfagiaji, ila inaziba pale kemikali inapogonga mlango.

Mwaka 1936 Mjerumani Gerhard Schrader alikuwa anatafuta dawa ya wadudu, akaangukia tabun, gesi ya vita inayomfunga mfagiaji yuleyule. Sarin ikafuata 1938. Dawa nyingi za shambani ni za ukoo huohuo. Ndiyo maana sarin ilipoachiliwa kwenye treni za Tokyo tarehe 20 Machi 1995, madaktari walikimbilia atropini, ileile ya anko.

Kinachonikera ni hiki. Christison tunamjua kwa jina, hata maji yake ya kunyolea tunayajua. Lakini Waefik waliolishwa esere mbele ya umati, na walioijua nguvu yake kabla ya profesa yeyote, hakuna anayewataja. Somo waliligharamia wao, cheti kikachukuliwa na wengine.

Na mkulima wetu bado anagharamia. Anauziwa chupa yenye maandishi madogo, hana glavu, hana maski, halafu tunaomba Mungu hospitali iwe na atropini ya kutosha siku hiyo. Kwani kujua dawa ya sumu kunatosha, kama mtu bado anaachwa aivute?

Anko nimemnunulia maski. Anasema inamfanya aonekane mwizi. Avae tu.