Oksitosini

Oksitosini ni homoni inayokaza misuli ya mji wa mimba wakati wa kujifungua na kuyashusha maziwa mtoto anaponyonya. Hutengenezwa katika hipothalamasi, sehemu ya chini ya ubongo, kisha huhifadhiwa upande wa nyuma wa tezi ya pituitari. Kama dawa, hutolewa kwa sindano au dripu ili kuanzisha uchungu, kuuongeza ukizorota, na, lililo kubwa kuliko yote, kuzuia damu kumwagika baada ya mtoto kuzaliwa.

Mwaka 1906 Mwingereza Henry Dale alionyesha kwamba maji yaliyokamuliwa kutoka pituitari hukaza mji wa mimba wa paka. Baada ya miaka michache madaktari wa uzazi walikuwa tayari wakiyatumia, ingawa hakuna aliyejua hasa kilichomo. Mmarekani Vincent du Vigneaud ndiye aliyeufumbua muundo wa oksitosini na kuitengeneza maabarani mwaka 1953. Miaka 2 baadaye alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Ni molekuli ndogo mno: asidi amino 9 tu, 6 kati yake zikiwa zimejikunja kuwa pete iliyofungwa kwa daraja la salfa.

Nguvu ya oksitosini haitegemei kipimo peke yake, bali pia idadi ya vipokezi vyake kwenye misuli ya kizazi. Kwa miezi mingi ya mimba projesteroni huituliza misuli hiyo. Siku za kujifungua zikikaribia, estrojeni huongeza vipokezi, na kizazi ambacho mimba ikiwa changa hakikuijali homoni hii sasa huiitikia kwa kiasi kidogo sana. Oksitosini ikishika kipokezi, kalisi hujaa ndani ya seli na msuli hujikaza. Kisha hulegea, na mapumziko hayo ndiyo uhai wa mtoto, kwa kuwa damu yenye oksijeni hufika kwenye kondo la nyuma kizazi kinapolegea. Dawa ikizidi, mapumziko hutoweka. Mtoto huanza kukosa hewa, na kizazi chenye kovu la upasuaji kinaweza kupasuka. Kwa hiyo dripu ya uchungu huanza kwa matone machache na kuongezwa polepole, mkunga akiwa kando ya kitanda akihesabu mikazo katika dakika 10 na kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto. Kumchoma mama sindano ya msuli kabla mtoto hajatoka ili "kuharakisha" ni jambo lisilokubalika hata kidogo: dripu inaweza kufungwa, lakini sindano ikishaingia hairudi.

Oksitosini pia hufanana na vasopresini, homoni inayozuia maji kupotea kwa njia ya mkojo. Mama akipewa kipimo kikubwa pamoja na maji mengi ya dripu, sodiamu ya damu inaweza kushuka hadi akapata degedege. Oksitosini ikisukumwa haraka kwenye mshipa, presha huporomoka.

Mtoto akishazaliwa, mambo hugeuka: sasa mkazo mkali ndio unaotakiwa. Mimba ikiwa imetimia, zaidi ya nusu lita ya damu huweza kupita kwenye kizazi kila dakika, na mishipa iliyoachwa wazi na kondo hubanwa na misuli yenyewe. Kizazi kikilegea, mama anaweza kufa kabla ya kupata usafiri. Shirika la Afya Duniani hupendekeza kila mzazi apewe uniti 10 za oksitosini mara tu mtoto anapotoka. Ikichomwa kwenye msuli hufanya kazi ndani ya dakika 2 au 3.

Adui yake mkubwa ni joto. Inapaswa kukaa kwenye jokofu, kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Ampuli iliyosahauliwa kabatini hupungua nguvu bila kubadilika rangi wala harufu. Mkunga huchoma sindano kwa kipimo sahihi na bado damu huendelea kutoka. Hapo si mkunga wa kulaumiwa, ni umeme na jokofu.

Si kila dawa ya uchungu huogopa joto: huko Kongo kuna mmea uitwao kalata-kalata, ambao wanawake waliuchemsha na kunywa chai yake ili kuharakisha uchungu. Katika miaka ya 1960 daktari wa Norwei, Lorents Gran, aliuchunguza na kupata ndani yake peptidi isiyoharibiwa hata kwa kuchemshwa. Baadaye ilibainika kwamba mnyororo wake hauna mwanzo wala mwisho: ni duara lililofungwa kwa madaraja 3 ya salfa. Wanawake wale walikuwa na dawa inayostahimili moto muda mrefu kabla ya viwanda kuitafuta.

Viwanda navyo vimefika. Karbetosini ni ndugu wa oksitosini ambaye salfa moja ya daraja lake imebadilishwa kwa kaboni, ikadumu zaidi mwilini. Aina yake inayovumilia joto ilijaribiwa kwa wanawake karibu 30,000 katika nchi 10, Kenya na Uganda zikiwemo. Matokeo ya mwaka 2018 yalionyesha kuwa katika kuzuia kuvuja damu haipitwi na oksitosini. Misoprostoli, iliyobuniwa kwa vidonda vya tumbo, ni kidonge kisichohitaji jokofu wala sindano, ila huleta homa na kutetemeka. Ergometrini, inayotokana na kuvu wa nafaka, hukaza kwa nguvu lakini mwenye presha ya juu hapewi. Kwa upande wa pili, nifedipini na atosibani hutuliza kizazi uchungu unapoanza mapema, ili dawa za kukomaza mapafu ya mtoto zipate muda.

Mitishamba ya kuongeza uchungu ina nguvu kweli, lakini haina kipimo. Mjamzito aliyeinywa amwambie mkunga kabla hajatundikiwa dripu, na mkunga aulize bila kukaripia, kwa sababu dawa mbili za kukaza zikikutana kwenye kizazi kimoja zinaweza kukipasua.