Kasereka ni wa tatu

Bandugu, nikisema naitwa Kasereka, Munande yeyote anajua tayari: huyu ni kijana wa tatu. Paluku ni wa kwanza, Kambale wa pili, Kakule wa ine, Katembo wa tano, Mbusa wa sita. Msichana akizaliwa nyuma ya vijana, ni Kahindo.

Lakini hapa Goma watu wananiona na kaka mmoja tu, Paluku. Banauliza: "Kambale iko wapi?" Alikufa na surua mbele nizaliwe. Picha yake hatuna. Jina langu njo linamuchungia nafasi.

Majina haya yalipita pia mu siasa. Mwaka wa 1972 Joseph-Désiré Mobutu alijiita Mobutu Sese Seko, akakataza majina ya kikristo mu Zaïre yote. Kardinali Malula alipinga, akaenda uhamishoni Roma miezi kadhaa. Baba alizaliwa 1973: mu karatasi zake hakuna Pierre wala Jean, ni Kambale na jina la babu yake. Jina la ubatizo lilibakia mu kinywa cha mama yake tu.

Leo hakuna anayetukataza kitu, na sisi wenyewe tunaandika Bryan, Ethan, basi. Bibi yangu atazaa mwezi ujao. Prenom achague yeye. Lakini kama ni kijana, mu karatasi ataandikwa Paluku, ili nyuma yake tuendelee kuhesabu wote, hata yule hatakayebaki.