Docta Mukwege: kutoka chumba cha upasuaji hadi sanduku la kura

Kwetu Nyangezi kila mtu anamjua Docta Denis Mukwege. Lakini swali moja bado linagawa watu: alifanya vema kuingia katika siasa? Tuangalie historia yake.

Alizaliwa Bukavu mwaka 1955, mtoto wa mchungaji. Alisomea udaktari Burundi, akatumika Lemera, na huko akaona mama wengi wanakufa katika uzazi. Ndiyo sababu alienda Angers, Ufaransa, kusomea magonjwa ya wanawake. Akarudi Lemera mwaka 1989. Tarehe 6 Oktoba 1996 hospitali hiyo ilishambuliwa, wagonjwa na wauguzi wakauawa.

Mwaka 1999 akaanzisha hospitali ya Panzi. Nia ilikuwa kuzalisha wamama, lakini mgonjwa wa kwanza alikuwa mwanamke aliyebakwa. Miaka ikapita, akaanza kupokea hata mabinti wa wale aliowatibu. Siasa yake ilianzia hapo: alielewa kwamba kushona vidonda hakutoshi kama wanaovitia wanabaki huru.

Septemba 2012 alisema hayo mbele ya Umoja wa Mataifa. Mwezi uliofuata watu wenye silaha waliingia kwake Bukavu, mlinzi wake akauawa. Docta akakimbilia ngambo. Wanawake wetu wakauza mananasi na vitunguu ili wamlipie tiketi ya ndege, naye akarudi Januari 2013. Mwaka 2018 alipewa tuzo ya Nobel ya amani pamoja na Nadia Murad.

Tarehe 2 Oktoba 2023, Kinshasa, alitangaza kugombea uraisi. Alitaka majeshi ya kigeni yatoke na wahalifu wahukumiwe. CENI ilimpa chini ya asilimia 1 ya kura, na Félix Tshisekedi zaidi ya asilimia 73. Yeye na wapinzani wengine walikataa matokeo hayo. Huko Rutshuru na Masisi, vita ilizuia watu wengi kupiga kura.

Funzo ni mbili. Kuheshimiwa si sawa na kuwa na chama chenye mizizi katika kila jimbo. Na pia, kushindwa kwenye kura hakufuti madai yake. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010 iliorodhesha matukio 617 ya ukatili katika nchi yetu kati ya 1993 na 2003. Mahakama ya kimataifa anayoidai kwa ajili ya hayo haijaundwa.