Beseni, Pamba na Nani? Historia Fupi ya Kujiandaa Kuzaa Kenya

Wasee, sista yangu mdogo ana mimba ya miezi saba. Mtoto wa kwanza. Juzi alitoka kliniki na karatasi ya vitu vya kubeba siku ya kujifungua: pamba, pedi, beseni, leso mbili, sabuni, nguo za mtoto. Akanitumia picha ya hiyo karatasi na swali moja: "Nikishanunua hizi zote, nitakuwa nimejiandaa?"

Manze, sikuwa na jibu. Mimi niliacha chuo, na hata ningemaliza sikuwa nasomea udaktari. Nikafanya kile huwa nafanya nikikwama. Nikampigia shosh, halafu nikakesha nikisoma. Nilichopata ni kwamba hilo swali lina historia ndefu, na inatuhusu sisi wote, hata wewe kijana unayesoma hapa ukidhani hii ni stori ya wanawake.

Shosh alizaa mtoto wake wa kwanza Murang'a mwaka 1971, nyumbani. Nilimuuliza alijiandaa vipi, akacheka. Anasema yeye hakujiandaa, aliandaliwa. Mkunga alikuwa jirani. Alikuwa anapita kumshika tumbo, kumuuliza analala vipi, kumkataza kubeba kuni nzito. Mama mkwe alishaweka njahi na unga wa wimbi kando, maana mzazi lazima ale apate maziwa. Mtoto alipotoka, vigelegele vilipigwa: vitano kwa mvulana, vitatu kwa msichana. (Mathe wangu alipata vitatu, na shosh bado anaona aliibiwa viwili.) Kwa Waluo mkunga ni nyamrerwa. Pwani, mama akishajifungua hukaa ndani siku arobaini, akandwe, apikiwe, apumzike. Kila mahali mpango ulikuwa wa aina moja: orodha ilikuwa kichwani mwa wanawake waliomzunguka yule msichana.

Lakini tusidanganyane kwamba zamani mambo yalikuwa matamu. Nilipomuuliza shosh kama kuna waliokufa, alinyamaza kidogo, kisha akanitajia watatu, wote wa ridge moja. Mkunga angeweza kumgeuza mtoto na kumtuliza mama, lakini damu ikikataa kusimama hakuwa na dawa wala chupa ya damu ya kuongezea. Mtoto akikwama, hakukuwa na upasuaji.

Hospitali ilikuja na mambo yake. Mwaka 1926 Lady Grigg, mke wa Gavana Edward Grigg, alianzisha mpango wa huduma za uzazi, na ndipo mizizi ya hospitali ya Pumwani ilipo. Ilikuwa ya Waafrika pekee, kwa sababu enzi hizo hata kuzaa kulikuwa na foleni ya rangi. Wakoloni pia hawakufanya hivyo kwa huruma tupu. Walikuwa na wasiwasi kwamba Waafrika wanapungua, na wakipungua nani atalima mashamba yao? Hata hivyo, wakunga wetu walipata mafunzo pale, na miaka ilivyosonga Pumwani ikawa moja ya hospitali kubwa zaidi za uzazi Afrika. Uliza watu kumi wa Eastlands walizaliwa wapi, utaona.

Baada ya uhuru, mwaka 1965, serikali iliondoa ada ya matibabu kwa wagonjwa wasiolazwa. Mwaka 1989 mambo yakageuka. Ukaja ule mpango wa kuchangia gharama, na hospitali za umma zikaanza kudai pesa. Hapo ndipo "kujiandaa" kulianza kumaanisha kutafuta doo. Mama ambaye hakuwa nazo alibaki nyumbani, au alienda akazaa halafu akafungiwa wodini hadi familia ilipe. Hii si uvumi. Wanawake wawili waliozuiliwa Pumwani walienda Mahakama Kuu, na mwaka 2015 mahakama ikasema wazi kwamba kuwazuilia kulivunja haki zao. Mwaka 2018 mama mwingine akashinda kesi Bungoma. Alikuwa amejifungulia sakafuni hospitalini mwaka 2013, na wauguzi wakamtukana na kumpiga. Nguvu yao ilikuwa Katiba ya 2010. Kifungu cha 43 kinakupa haki ya afya, ikiwemo ya uzazi, na kinasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura.

Kuna kitu kingine hatukufundishwa shuleni. Kampeni ya dunia nzima ya kupunguza vifo vya akina mama ilizinduliwa hapa kwetu Nairobi, Februari 1987. Wakati huo wanawake karibu nusu milioni walikuwa wanakufa duniani kila mwaka kwa sababu ya mimba na uzazi. Baadaye watafiti wakaeleza kwamba wengi huuawa na kuchelewa kwa aina tatu: kuchelewa kuamua kwenda hospitali, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa ukishafika. Soma hizo tatu tena. Hakuna hata moja inayotibiwa na beseni.

Juni 2013 kujifungua katika hospitali za umma kukafanywa bure. Baadaye ikaja Linda Mama, na Oktoba 2024 SHA ikachukua nafasi ya NHIF. Takwimu zinaonyesha watu waliitikia. Mwaka 2008/09, akina mama 43 kati ya 100 walijifungulia hospitalini. Kufikia 2022 walikuwa 82. Hayo ni mabadiliko makubwa, na yamekuja ndani ya maisha yetu. Lakini sensa ya 2019 bado ilihesabu vifo 355 vya akina mama kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Bado ni vingi.

Sasa, maoni yangu. Tulipohama kutoka kwa mkunga kwenda hospitali, tulipata damu, dawa na upasuaji, na sitaki turudi nyuma hata hatua moja. Lakini njiani tuliwaacha wale watu waliomzunguka mama. Kazi ya kijiji kizima tukaigeuza karatasi, tukampa msichana wa miaka 19 abebe peke yake. Hata Shirika la Afya Duniani limesharudi hapo. Tangu 2018 linapendekeza kila mama awe na mtu anayemtaka kando yake wakati wa uchungu, kwa sababu imeonekana anayeshikwa mkono huwa na uchungu mfupi zaidi. Shosh hakuhitaji utafiti kujua hilo.

Kwa hivyo nilimjibu sista hivi. Karatasi ni yako, nunua vitu polepole. Kliniki usikose, siku hizi inapendekezwa uonane na mhudumu mara nane, si nne kama zamani. Kinachobaki ni chetu. SHA yako nimeiangalia nikahakikisha umesajiliwa na malipo yako sawa. Nimeongea na jirani mwenye gari na nimeweka namba ya ambulensi, kwa sababu boda saa tisa usiku ukiwa na uchungu si mpango. Mimi na kaka tumekubali kutoa damu. Na ukitokwa na damu, kichwa kikiuma vibaya, macho yakiona ukungu, ukipata homa au mtoto akipunguza kucheza, hatuiti kikao cha familia. Tunaenda.

Boyfriend wake naye nimempatia kazi: kukaa naye wodini kama wataruhusu, na kuuliza mapema kama wanaruhusu. Alitaka kusema hayo ni mambo ya wanawake. Nikamwambia ni kweli, kitambo yalikuwa ya wanawake wengi, na hao wengi sasa hawapo karibu. Basi zamu ni yake.

Nilimuuliza mathe pia, usiku ule alinizaa alikuwa na nani. Akasema, "Nilikuwa na begi." Leo jioni muulize wako.