Ini la Chupani

Kisa hiki husimuliwa kwa ufupi mno. Katikati ya miaka ya 1970, wanasayansi wawili wa Marekani walieleza kwamba vijidudu vinaweza kuigiza namna mwili, hasa ini, unavyovunja dawa. Kuvu ya Cunninghamella hukuzwa kwenye chupa yenye maji ya sukari, dawa hutiwa, chupa hutikiswa siku kadhaa, kisha mabaki hupimwa. Wengi huishia hapo. Mimi nilikataa kuishia hapo, kwa sababu wazo kama hilo haliwezi kuota katika ardhi tupu. Mbegu yake ilitoka wapi?

Nilianza na Ujerumani, mwaka 1935. Dawa nyekundu iitwayo Prontosil iliwaponya panya, lakini ndani ya kioo cha maabara haikuua bakteria hata kidogo. Mwaka uleule watafiti wa Paris walionyesha kwamba mwili huikata, na kipande kisicho na rangi ndicho kinachoponya. Nikafurahi, nikidhani nimelikuta ini likiwa kazini. Kumbukumbu za baadaye zikanirudisha nyuma: sehemu kubwa ya ukataji huo hufanywa na bakteria wa utumbo. Hao hawaigizi mwili. Wanaishi ndani yake. Je, yupo kijidudu wa nje, asiyetujua kabisa, afanyaye kazi kama yetu?

Sahau mkate kwenye mfuko kwa wiki moja. Utaota manyoya meupe, kisha vichwa vidogo vyeusi. Jamii ya kuvu hiyo, Rhizopus, ndiyo iliyonipeleka Michigan, mwaka 1952. Kabla ya hapo kotizoni, dawa ya baridi yabisi, ilitengenezwa kutokana na nyongo ya ng'ombe kwa hatua zaidi ya 30. Kikwazo kikubwa kilikuwa kuweka oksijeni kwenye kaboni ya 11. Kuvu ikaiweka kwa hatua moja. Wapo wanaosema hapa ndipo wazo lilipozaliwa, nami nina shaka. Watafiti wa kiwanda kule Michigan walitafuta kibarua, hawakutafuta kioo cha kujitazamia. Isitoshe, tezi zetu huweka oksijeni kwenye kaboni ileile, ila upande wa pili. Kiwanda hakikujali, maana hatua inayofuata hufuta tofauti hiyo. Lakini anayetaka kujua mwili unafanya nini, anaweza kutojali?

Shaka hiyo ilinifikisha kwenye naftalini, vile vidonge vyeupe vya kuwekea nguo kabatini. Bakteria hubandika oksijeni mbili upande mmoja wa molekuli. Wanyama huziweka pande mbili tofauti. Utafiti wa mwishoni mwa miaka ya 1970 ulionyesha kuwa kuvu ya Cunninghamella hufuata njia ya wanyama. Nilikuwa karibu kuamini, mpaka nikasoma mstari wa chini zaidi: zao kubwa la kuvu ni kama mkono wa kushoto, na la mnyama ni kama wa kulia. Mahali ni palepale, mkono ni mwingine. Sasa undugu wao uko wapi hasa?

Uko kwenye vimeng'enya. Ini, tezi na kuvu vyote vina saitokromu P450, iliyopewa jina kutokana na mwanga inaoufyonza, wa nanomita 450. Bakteria wa udongoni anayekula kafuri ndiye wa kwanza ambaye kimeng'enya chake cha aina hiyo kilichorwa umbo, katikati ya miaka ya 1980. Kwa miaka mingi wanakemia walikisia umbo la kimeng'enya cha binadamu kwa kutazama cha bakteria huyo. Lakini makisio ya umbo si ushahidi: je, ipo dawa ya kumezwa ambayo chupa na mwili vilikubaliana kabisa juu yake?

Nilipata moja, Japani. Kuvu ya Penicillium ilitoa mevastatini, inayopunguza lehemu. Mbwa wakapewa, na katika mkojo wao kikaonekana kitu kipya chenye oksijeni moja ya ziada na nguvu zaidi. Ukaanza msako wa kijidudu kinachoweza kuiweka oksijeni ile pale pale, upande uleule. Bakteria wa jamii ya Streptomyces akaweza. Pravastatini ikaingia sokoni Japani mwaka 1989. Nimerudia mpangilio huo mara kadhaa: mkojo kwanza, chupa baadaye. Kama chupa ingetangulia, nani angejua kwamba imesema kweli?