Klabu Huzeeka, Shule Haizeeki: Kriketi ya Wanafunzi na Hatima ya Mchezo Afrika Mashariki

Juni 1975 timu iliyoitwa Afrika Mashariki ilikwenda Uingereza kushiriki Kombe la Dunia la kwanza la kriketi kwa wanaume. Ilicheza mechi tatu, dhidi ya New Zealand, India na wenyeji, ikafungwa zote. Nahodha alikuwa Harilal Shah wa Kenya, na wengi wa wachezaji wake walikuwa na asili ya Asia. Waafrika weusi katika kikosi kile walikuwa wawili tu: Sam Walusimbi na John Nagenda, huyu wa pili akifahamika pia kama mwandishi wa vitabu. Wote wawili walitoka Uganda. Watu wawili ni ushahidi mwembamba, wala hawatoshi kubeba hoja peke yao. Hata hivyo wanaibua swali linalostahili kujibiwa. Kenya ilikuwa na viwanja vingi na klabu tajiri zaidi, na Dar es Salaam ilikuwa na jamii kubwa ya wapenzi wa kriketi. Kwa nini basi ni Uganda ndiko mchezo ulikovuka mpaka wa rangi mapema? Makala haya yanadai kwamba jibu liko shuleni, hasa katika mechi za kila mwaka baina ya shule na shule, na kwamba mechi hizo ndizo zilizoamua wapi kriketi ingerithiwa na wapi ingezikwa pamoja na waliokuja nayo.

Tuanze na tofauti ya asili kati ya klabu na shule. Klabu ni mali ya wanachama wake. Huanzishwa na watu wanaofahamiana, mara nyingi wa dini moja, kabila moja au kazi moja, na huishi muda ule watu hao wanapoishi pale. Wakihama, wakifilisika au watoto wao wakipenda mambo mengine, klabu hudhoofika hata kama uwanja wake bado una nyasi nzuri. Shule haiendi hivyo. Kila mwaka humpoteza mpigaji wake bora na mrushaji wake hodari, na kila mwaka hupokea wavulana na wasichana ambao hawajawahi kushika gongo. Inalazimika kufundisha upya daima, na ulazima huo ndio nguvu yake. Tena shule ina mpinzani. Mwanafunzi anayejua kwamba mwezi fulani watakuja wale wa kilima cha pili hahitaji kuhubiriwa umuhimu wa mazoezi. Ratiba humfundisha nidhamu kabla ya kocha, na heshima ya shule humfanya aendelee hata asipokuwa na kipaji kikubwa. Wasio na vipaji vikubwa nao wana faida: baadaye huwa waamuzi, waandika alama, walimu wa michezo na wazazi wanaowanunulia watoto pedi.

Mfano ulio wazi kuliko yote uko Sri Lanka. Uingereza yenyewe ilikuwa na mechi ya Eton na Harrow tangu 1805, ambapo Lord Byron aliichezea Harrow, lakini ile ilibaki sherehe ya tabaka moja. Colombo ilichukua desturi hiyo na kuipeleka mbali zaidi. Mwaka 1879 shule ya Royal na ile ya S. Thomas’ zilikutana kwa mara ya kwanza, walimu wakicheza pamoja na wanafunzi. Kuanzia 1880 walicheza wanafunzi peke yao, na vita viwili vya dunia havikuukatiza mfululizo huo. Kilichofuata ndicho chenye uzito kwetu. Wabudha walipojenga shule zao ili watoto wasitegemee za wamisionari, hawakuikataa kriketi kwa kuwa ililetwa na mkoloni. Ananda, iliyoanzishwa 1886, na Nalanda baada yake zilijenga uhasama wao wa uwanjani, wenye wafuasi wake. Sri Lanka ilipocheza mechi yake ya kwanza ya Test, daraja la juu kabisa la kriketi ya kimataifa, mwaka 1982, Arjuna Ranatunga wa Ananda alikuwa na miaka 18 na bado mwanafunzi. Akafunga nusu mia ya kwanza ya nchi yake katika daraja hilo. Mwaka 1996 aliiongoza Sri Lanka kutwaa Kombe la Dunia. Muttiah Muralitharan aliyekuwa katika kikosi hicho alitoka St. Anthony’s ya Kandy, na Sanath Jayasuriya alitoka St. Servatius’ ya Matara, kusini kabisa. Nchi iliyokuwa na ligi ndogo ya klabu ilishinda dunia kwa sababu ilikuwa na mtandao mpana wa shule.

Afrika Mashariki mambo yalipangwa kwa namna nyingine. Katika Kenya ya kikoloni elimu iligawanywa kwa rangi: shule za Wazungu, za Waasia na za Waafrika. Kriketi ilifuata mgawanyo huo. Wavulana wa Prince of Wales, ambayo leo ni Nairobi School, waliichukulia kama sehemu ya malezi ya kiungwana, na jamii za Waasia ziliikuza katika shule na klabu zao. Wavulana wengi wa Kiafrika walikulia mbali na kiwanja hicho. Tanganyika na Zanzibar nazo mchezo ulijifungia zaidi katika klabu za jamii. Uganda ilikuwa na sura tofauti kidogo. Haikuwa na walowezi wengi wa kuhodhi shule bora, na wamisionari walijenga shule za bweni kwa ajili ya watoto wa machifu na watawala: Namilyango mwaka 1902 chini ya mapadre wa Mill Hill, King’s College Budo mwaka 1906 chini ya Waanglikana wa shirika la kimisionari la CMS, kisha Mwiri huko Busoga, na baadaye Ntare ya Mbarara mwaka 1956. Shule hizo zilikuwa na ardhi, walimu wanaojua mchezo, wanafunzi wanaolala palepale, na muhimu zaidi, zilikuwa na wapinzani wa hadhi yao. Mvulana wa Kiganda au wa Kisoga hakuhitaji kualikwa klabuni na mtu yeyote. Mchezo ulimkuta shuleni kwake.

Mtihani mkubwa wa mipango hiyo ulikuja baada ya uhuru. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke Uganda. Klabu za Kampala na Jinja zikapoteza kwa mkupuo wachezaji, wafadhili na viongozi. Kwa hesabu ya kawaida kriketi ya Uganda ilipaswa kufa mwaka huo. Haikufa, kwa kuwa ilikuwa na makao ya pili ambayo amri ile haikuyagusa. Mashindano yanayojulikana kama Wiki ya Kriketi ya Shule yamekuwa kitovu cha mchezo nchini humo; huzikutanisha shule kama Mwiri, Budo, Ntare, Namilyango, Kololo na Jinja, na wasichana nao wana wiki yao. Tanzania haikumfukuza mtu kwa amri ya namna hiyo, lakini Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, Azimio la Arusha la 1967 na utaifishaji wa majengo wa 1971 viliwafanya Waasia wengi kuhama. Shule za jamii zilichukuliwa na serikali, ile ya Aga Khan ya wavulana jijini Dar es Salaam ikawa Tambaza, na milango ikafunguliwa kwa wanafunzi wa kila asili. Hilo lilikuwa jambo la haki. Ila kriketi haikupita mlango huohuo. Michezo ya shule za sekondari, UMISSETA, ilijengwa juu ya soka, netiboli, riadha, wavu na kikapu, nayo kriketi ikabaki kwenye klabu ya Gymkhana na kwenye viwanja vichache vya jijini, ikitegemea jamii iliyokuwa ikipungua.

Msomaji makini atapinga hapa kwa kuitaja Kenya. Nchi hiyo haikuwa na mfumo wa shule kama wa Uganda, lakini ndiyo iliyofika mbali kuliko zote. Iliishinda West Indies mjini Pune mwaka 1996 na kufika nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2003. Pingamizi hili ni zito, na jibu lake limo katika majina ya wachezaji wenyewe. Steve Tikolo alitanguliwa na kaka zake Tom na David. Maurice Odumbe alikuwa na Edward. Martin Suji alikuwa na Tony, na Kennedy Otieno alikuwa na ndugu zake Collins na David Obuya. Kizazi cha dhahabu cha Kenya kilikuwa kwa kiasi kikubwa kizazi cha familia chache za Nairobi zilizoishi karibu na klabu na kujifunza kandokando ya viwanja vyake. Familia inaweza kutoa wachezaji bora kuliko shule yoyote, lakini haiwezi kuamua kuwatoa tena. Kizazi kile kilipochoka, warithi hawakutosha, na mwaka 2014 Kenya ikapoteza hadhi yake ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za siku moja. Ni kweli kwamba migogoro ya viongozi, ugomvi wa malipo na kufungiwa kwa Odumbe mwaka 2004 kwa kashfa ya fedha vilichangia sana, na itakuwa uzembe kuusukumia upungufu wa shule lawama yote. Lakini migogoro ya viongozi imezikumba nchi nyingi za kriketi. Nchi yenye vitalu mia huweza kuivumilia. Yenye vitalu vitano huporomoka nayo.

Pingamizi la pili ni la kisiasa. Kriketi ya shule, watasema, ilibuniwa kumfinyanga kijana wa tabaka la juu ajue kutawala, na shule za bweni za Uganda zilikuwa za watoto wa wakubwa. Hilo halikanushiki. Hata leo urithi huo wa kitabaka unaonekana: klabu ya MCC ya London ilipotangaza mwaka 2022 kuiondoa mechi ya Eton na Harrow katika uwanja wa Lord’s, wanachama wake walipinga hadi uamuzi ukarudishwa nyuma. Afrika Kusini nayo inaonyesha hatari hiyo kwa njia ya kusikitisha. Makhaya Ntini, mchungaji wa ng’ombe aliyekuja kuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kuichezea nchi hiyo Test, alihitaji kupata nafasi katika shule ya Dale College ili kipaji chake kifike popote. Tunachojifunza hapo ni kuongeza shule zenye mchezo, maana kuzipunguza kungewaachia walewale wachache. Mumbai imethibitisha kwamba inawezekana. Ngao ya Harris, iliyopewa jina la gavana wa Kiingereza mwishoni mwa karne ya 19, imekuwa uwanja wa shule za kila aina. Februari 1988, katika viwanja vya wazi vya Azad Maidan, Sachin Tendulkar na Vinod Kambli wa Shardashram Vidyamandir walikusanya pamoja mikimbio 664 dhidi ya St. Xavier’s bila kutolewa. Kambli alitoka familia ya kipato cha chini. Kombe la gavana lilikuwa limegeuka ngazi ya mtoto wa mjini.

Wapo pia wanaosema mechi za shule huzalisha takwimu za ajabu na si wachezaji. Januari 2016 Pranav Dhanawade alifunga mikimbio 1,009 peke yake katika mechi ya shule huko Kalyan. Timu yake ilifikisha 1,465 kwa wiketi tatu, na wapinzani wakatolewa kwa 31 na 52. Mechi kama hiyo haimfundishi mtu lolote, si mshindi wala mshindwa. Dawa yake inajulikana: kupanga shule kwa madaraja, kupunguza ova, na kuacha kuheshimu idadi ya mikimbio bila kuuliza ilifungwa dhidi ya nani. Wala aibu ya siku moja haivunji mfululizo wa mechi. Royal ilitolewa kwa mikimbio 9 tu mwaka 1885, na mechi yake na S. Thomas’ ingali ikichezwa.

Pingamizi la mwisho linatoka Uganda yenyewe. Kikosi kilichoifunga Zimbabwe mjini Windhoek Novemba 2023 na kufuzu Kombe la Dunia la ova 20 la 2024 kilikuwa na wachezaji waliozaliwa India na Pakistan, na Frank Nsubuga, aliyecheza fainali hizo akiwa na miaka 43, alikuwa na ndugu zake Roger Mukasa na Lawrence Sematimba katika timu ya taifa kwa nyakati tofauti. Kwa hiyo Uganda nayo ina familia zake na wageni wake. Ni sawa, na hakuna nchi inayoishi kwa chanzo kimoja. Tofauti ni kwamba chini ya familia na wageni hao kuna sakafu. Timu ya vijana chini ya miaka 19 ya Uganda ilicheza Kombe la Dunia la umri huo mwaka 2004, 2006 na 2022, na timu za umri huo hupatikana hasa madarasani. Rwanda, iliyopokea kriketi kwa vijana waliorejea kutoka ukimbizini baada ya 1994, iliwapeleka wasichana wake chini ya miaka 19 Afrika Kusini mwaka 2023, nao wakazifunga Zimbabwe na West Indies. Tanzania nayo, baada ya miaka ya kuusambaza mchezo kwa wanafunzi wa Dar es Salaam, ilifuzu kwa mara ya kwanza Kombe la Dunia la wavulana chini ya miaka 19 mwaka 2025.

Uamuzi wa historia hii haujifichi. Kilichorithiwa Colombo, Mumbai na Mwiri ni miadi: shule mbili kukubaliana kukutana, na kukutana tena mwaka unaofuata, hata kama waliocheza mwaka jana wamekwisha kuhitimu. Viwanja na vikombe vilifuata baadaye. Vyama vya kriketi vya Kenya na Tanzania vinavyotafuta fedha za makocha wa kigeni na mashindano ya wiki moja vingefanya vyema kuanza na jambo lisilo na gharama kubwa. Vitafute shule mbili zinazopakana, viwape walimu wao magongo na jamvi la kutandika uwanjani, vipange Jumamosi moja ya mechi, na vihakikishe kitabu cha alama cha siku hiyo kinatunzwa katika maktaba ya shule. Kisha mechi hiyo isifutwe kwa sababu yoyote.